Kijana anapotishiwa kwa picha zake mtandaoni: maswali na majibu

Mambo haya huanzaje?

Mara nyingi huanza na ombi la urafiki kutoka kwa mtu anayejifanya wa rika lake. Akaunti haitiliwi shaka kwa sababu tayari ina marafiki wawili watatu wa kijana mwenyewe: tapeli aliwaomba hao kwanza, wakakubali bila kuuliza. Maneno huwa matamu, tena ya harakaharaka. Halafu "tuhamie huku", yaani kwenye programu nyingine ambako ujumbe hujifuta wenyewe. Anatuma picha ya utupu (ya mtu mwingine kabisa) na kuomba naye atumiwe. Ikishatumwa, lugha inageuka papo hapo. Kijana anapokea skrinshoti ya orodha ya wafuasi wake, jina la shule yake, kiasi cha hela anachotakiwa kulipa, na dakika alizopewa.

Wanaotaka hela huwawinda zaidi wavulana wa miaka 14 hadi 17. Wanaotaka picha zaidi huwawinda zaidi wasichana. Yupo pia mtu mzima asiye na haraka, pengine anayefahamika nyumbani, anayejenga uhusiano kwa miezi kwa zawadi, vocha na "hii ni siri yetu". Na siku hizi tapeli anaweza asitumiwe chochote: anachukua picha ya kawaida ya uso na kuunda ya utupu kwa akili bandia. Hatua za kuchukua ni zilezile.

Nimeshatuma picha, na sasa ananidai hela. Nikilipa si ataifuta?

Hafuti. Ukilipa, umemwonyesha kwamba una hela na una hofu, basi dai la pili huja kubwa kuliko la kwanza, wakati mwingine siku hiyohiyo. Usilipe, usitume picha nyingine, usimbembeleze, usimtukane. Acha kujibu.

Kabla ya kumbloku, tunza ushahidi. Piga skrinshoti ya vitisho, tarehe na saa zikionekana, na namba au akaunti anayotaka hela itumwe. Fungua wasifu wake uchukue jina la mtumiaji pamoja na linki. Jina linaloonekana juu ya wasifu halitoshi, kwa kuwa yeyote hulibadilisha kwa sekunde chache. Linki ndiyo inayowasaidia wachunguzi zaidi. Kama programu humjulisha mwenzako ukipiga skrinshoti, au ujumbe unajifuta, piga picha ya skrini kwa simu nyingine. Kisha ripoti akaunti ndani ya programu, na mwisho umbloku. Ukianza kubloku, baadhi ya programu huyaondoa mazungumzo yote, nawe unabaki huna cha kuonyesha. Usifute akaunti yako pia.

Kama ulishalipa, pigia mara moja huduma kwa wateja ya benki au mtandao wa simu uliotumia, uombe muamala uzuiwe, na utunze ujumbe wa muamala.

Halafu mwambie mtu mzima mmoja leo, hata kama ni kwa kumwandikia "nina shida mtandaoni, naomba usinigombeze". Ukishindwa kabisa na wa nyumbani, nchi nyingi zina simu ya bure ya kusaidia watoto. Katika nchi kadhaa za Afrika ni 116.

Mwanangu amenieleza. Nianzie wapi?

Anza na "umefanya vizuri kuniambia". Tapeli ananufaika na hofu ya mtoto kwa mzazi kuliko na picha yenyewe, na mzazi akifoka anamkamilishia kazi. Usimnyang'anye simu: ushahidi umo humo, na adhabu hiyo ndiyo vijana wengi huitaja wanapoeleza kwa nini walinyamaza.

Picha yenyewe ya utupu usiisambaze kwa mjomba, kwa mwalimu wala kwenye kundi la wazazi, hata kwa nia ya kumsaka mhalifu. Ni picha ya ngono ya mtoto, na katika nchi nyingi kuituma ni kosa la jinai hata kama anayeituma ni mzazi. Iache ilipo kwenye simu, uipeleke simu polisi.

Anasema hana hamu ya kuishi. Ni maneno ya utoto tu?

Yachukulie kwa uzito. Kuna vijana waliojiua saa chache tu baada ya kutishiwa. Usimwache peke yake usiku huo. Ondoa dawa, sumu za wadudu, kamba na vitu vyenye ncha kali alipo. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.

Hata asiposema, angalia kukosa usingizi, kuacha chakula, maumivu ya tumbo au kichwa yasiyoeleweka, kukataa shule ghafla, na simu inayogeuzwa kila mtu akipita.

Picha inaweza kuondolewa?

Kwa kiasi. Take It Down ni huduma ya bure ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, kwa picha ambazo aliyemo alikuwa chini ya miaka 18, na hutumika nje ya Marekani pia, bila kutaja jina. Picha haipakiwi. Kifaa chako chenyewe hukokotoa msimbo wa picha hiyo (mfululizo wa herufi na namba unaoitambulisha, kama alama ya kidole), na msimbo pekee ndio unaotumwa kwa mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, ili ilinganishe na kuiondoa. Picha ikikatwa au kuandikwa juu yake, msimbo unaweza kubadilika, kwa hiyo ingiza kila toleo ulilonalo. Haifiki ndani ya ujumbe uliosimbwa (uliofungwa ili usomwe na wanaowasiliana tu) wala kwenye tovuti ambazo hazijajiunga. Kwa aliyekuwa na miaka 18 au zaidi, huduma ya namna hiyo ni StopNCII.

Mipangilio gani ibadilishwe?

Akaunti iwe ya faragha, na orodha ya marafiki na wafuasi ifichwe, maana hiyo ndiyo silaha ya tapeli. Ujumbe na kuongezwa kwenye makundi viruhusiwe kwa anaowajua tu. Kaeni pamoja mkipitia waliopo, na kila ambaye kijana hajawahi kuonana naye ana kwa ana aeleze alimpataje.