Babu Alikuwa Keya: Yanayosemwa Nyumbani na Yaliyoandikwa

Bombo, Gulu, Jinja, utakuta wajukuu wanaoamini kwamba ukishapata namba ya jeshi ya babu, umempata babu. Sivyo. Keya, yaani King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, iliundwa mwaka 1902, na katika vita vya 1914–1918 namba ilikuwa ya kikosi. Askari wa batalioni ya 4, ile ya Uganda, angeweza kuwa na namba sawa na mwenzake wa batalioni ya Nyasaland (Malawi ya leo). Ukiandika namba bila batalioni, unaweza kumfuata babu wa watu wengine.

“Medali zote zina namba.” Ile ya fedha ya vita vya kwanza, yenye kichwa cha Mfalme George V upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili, igeuzegeuze kwenye mwanga uutazame ukingo wake: namba, cheo, jina, kisha kitu kama 4-K.A.R., yaani batalioni ya 4 ya Keya. Na tafadhali, msiisugue kwa majivu! Herufi zinalika. Nyota ya Burma, medali ya vita vya pili, kwa upande wake, kwa kawaida ni tupu, kwani Uingereza ilizitoa bila majina. Utupu huo hauifanyi kuwa ya bandia.

Wengine hukata tamaa mapema: “Karatasi ziliungua London.” Kilichoungua Septemba 1940, kwa mabomu ya Wajerumani, ni mafaili ya wanajeshi wa Uingereza wa vita vya kwanza. Askari wetu waliandikishwa huku huku, kwa hiyo anzia kwenye nyaraka za taifa pale Wandegeya, Kampala. Shajara za vita za batalioni zilizoko Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza huko London, hutaja maofisa kwa majina. Askari huhesabiwa tu.

Jina nalo litafute kwa kila namna: Okello, Okelo, Okelu, hata likiwa na “bin” katikati ambayo ukoo wenu haujawahi kuitumia. Karani aliandika alichosikia.

Halafu kuna Burma (Myanmar ya leo), ambako Keya ilipigana katika vita vya pili. Kila babu alikuwa Burma! Hata Idi Amin alidai alipigana huko, ilhali aliingia Keya mwaka 1946, vita vimeshakwisha.

“Hayumo kwenye orodha ya makaburi ya vita, basi hakuwa jeshini.” Orodha hiyo ni ya waliokufa; aliyerudi akamzaa mama yako utamtafuta bure. Na kwa wapagazi wa vita vya kwanza hata kifo hakikutosha: mwaka 2021 tume ya makaburi hayo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Kama wako alibeba mizigo, anzia kwa wazee wa ukoo na daftari za ubatizo za misheni.