Usiuoshe ukoko: upishi wa Kifaransa wa nyumbani

Wiki yangu ya kwanza katika jiko la mgahawa mmoja wa Lyon, mji wa Ufaransa, niliosha kikaango ambacho hakikupaswa kuoshwa. Kilikuwa kimetoka kukaangiwa mapaja ya kuku, na chini kilikuwa na ukoko wa kahawia ulioganda kama gundi. Mimi, mtoto wa Tanga niliyelelewa kwamba chombo kichafu hakilali jikoni, nikakitia sabuni na waya, nikasugua mpaka kikang'aa. Mpishi mkuu akarudi na chupa ya siki mkononi. Akakitazama kikaango, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonitia hofu: "Mchuzi wangu uko wapi?"

Mchuzi wenyewe ulikuwa umekwenda na maji ya vyombo.

Siku hizi nimeacha migahawa. Napikia nyumba yangu, na nafundisha watu wanaotaka kula Kifaransa siku za kazi bila kuligeuza jiko lao kuwa hoteli. Swali la kwanza huwa lilelile: hivyo vitu vyao nitavipata wapi? Vitu gani? Kuku, vitunguu, viazi, maziwa, siagi, siki. Vyote sokoni vimo. Shida ni kwamba tunakimbilia kuosha.

Ukoko wa wali tunaujua, wengine huuita matandu, na tumeugombania sana utotoni. Ule wa nyama Wafaransa huuita *sucs*, na kule kuuyeyusha kwa siki, supu au maji huitwa *déglacer*. Ni utomvu wa nyama uliotoka, ukakauka na kushika chini ya chombo. Protini na sukari zilizomo zikipata joto kali hugeuka kahawia na kuzaa ladha ambazo nyama ya kuchemsha haina. Mkemia wa Kifaransa, Louis Camille Maillard, ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1912, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Sasa, hapo kuna sharti moja: maji yasiwepo. Kikaango chenye maji hakipandi sana juu ya nyuzi 100, na nyama haianzi kugeuka rangi vizuri mpaka karibu nyuzi 140. Kwa hiyo kuku aliyeoshwa na kutupwa kwenye mafuta akiwa bado anachuruzika hakaangiki, anajichemsha kwa maji yake mwenyewe. Mfute kwa kitambaa mpaka awe mkavu kabisa. Tena usimbananishe. Vipande vikigusana, mvuke wa kimoja unamlowanisha jirani yake. Kaanga kwa mafungu mawili hata kama una njaa.

Chakula ninachoanza nacho darasani ni kilekile kilichonitia aibu: kuku wa siki, *poulet au vinaigre*, chakula cha Lyon hasa. Kuku 1 katwa vipande 8, tia chumvi na pilipili manga. Weka kikaango kizito motoni na kijiko cha mafuta na kipande cha siagi. Panga kuku, ngozi ikitazama chini, halafu mwache. Hapa ndipo watu wanaponishinda: mkono unawawasha, wanamgeuza kila nusu dakika. Mwache dakika 6 au 7. Akiiva upande huo hujiachia mwenyewe. Akiwa bado amenata, bado hajawa tayari. Mgeuze, mwache tena, kisha mtoe umweke sahanini.

Tazama chini ya kikaango. Ukoko ukiwa na rangi ya kaimati iliyoiva, uko pazuri. Ukiwa mweusi kama mkaa, ni mchungu na hautibiki kwa sukari wala krimu. Huo ndio wa kusugua kwa waya, nami sitakuzuia. Punguza mafuta yaliyozidi, tia kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo na punje 4 za kitunguu saumu, zikilainika mwaga mililita 150 za siki ya zabibu au ya tufaha. Itapiga mvuke wa kukutoa machozi, rudi nyuma kidogo. Chukua mwiko wa mbao, kwangua chini taratibu. Utaona ukoko unaachia na siki inageuka rangi ya chai nzito. Iache ipungue mpaka nusu, hapo ukali hukatika. Tia nyanya 2 zilizomenywa na kukatwakatwa na kikombe kidogo cha supu, rudisha kuku, funika, moto mdogo dakika 25. Mwishoni vijiko vichache vya krimu, au usitie. Siki nyeupe ya viwandani ni kali mno. Kama ndiyo pekee uliyonayo, izimue kwa maji nusu kwa nusu.

Na tafadhali, acha kile kikaango kisichogandisha kitu. Ni kizuri kwa mayai. Kwa kazi hii hakifai, maana kazi yake ni kuzuia hicho hicho unachokitafuta. Sufuria nzito ya chuma au ya alumini nene inatosha, ilimradi iwe na kitako kipana.

Chakula hiki kina ukoo wa kike. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa iliyofuata, wanawake waliokuwa wakipikia nyumba za matajiri wa Lyon walianza kufungua migahawa yao wenyewe, midogo, yenye vyakula vichache walivyovijua barabara. Watu wakawaita *mères*, yaani mama. Mmoja wao, Eugénie Brazier, alifungua wake mwaka 1921, na mwaka 1933 migahawa yake miwili, kila mmoja kwa nafasi yake, ikapewa nyota 3 za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, na 3 ndizo za juu kabisa. Nikisikia hivyo huwakumbuka mama ntilie wetu. Hakuna aliyewapelekea nyota, lakini pale Tanga wapo wawili ambao mimi ningewapa bila kusita.

Supu ya vitunguu ni ukoko uleule, ila wa mboga. Vitabu vingi vya mapishi vinadanganya hapa: vinaandika "kaanga vitunguu dakika 10 mpaka viwe kahawia". Dakika 10 utapata vitunguu laini vyenye rangi ya majani makavu, basi. Kwa watu 4 kata kilo 1 ya vitunguu vipande vyembamba, weka siagi gramu 50, nusu kijiko cha chai cha chumvi, funika kwa moto mdogo dakika 15 vitoe maji. Kisha funua, ongeza moto kidogo, uwe unapita na mwiko kila mara. Kama dakika ya 30 hivi chini huanza kushika. Usiogope, mwagia vijiko 2 vya maji, kwangua, changanya ile rangi na vitunguu. Ishike tena, umwagie tena. Mara 4 au 5. Ikikaribia saa nzima, kilo nzima itakuwa imenywea mpaka kukaa kwenye bakuli moja, tamu na nyeusi-nyekundu. Nyunyiza kijiko cha unga wa ngano, kaanga dakika 2, tia lita 1 na nusu ya supu nzuri ya mifupa, chemsha dakika 25, tone la siki mwishoni. Juu weka mkate uliokaushwa na jibini gumu linaloyeyuka, Comté au Gruyère ukilipata, kisha ndani ya oveni mpaka litoe mapovu.

Paris supu hii ilikuwa chakula cha alfajiri cha wachukuzi na wachinjaji wa soko la Les Halles, wakikaa meza moja na watu waliotoka kucheza dansi usiku kucha. Soko lilihamishiwa Rungis, nje ya Paris, mwaka 1969. Supu haikuhama.

Nimeruka divai kwa makusudi, kwa sababu naulizwa kila wiki: nyama ya *bourguignon* naweza kuipika kwa juisi ya zabibu? Mimi nasema usihangaike. Chakula hicho ni ng'ombe aliyepikwa kwa divai nyekundu ya Bourgogne, chupa nzima kwa kilo 1 ya nyama. Ukiitoa unabaki na mchuzi wa nyama na karoti, ambao ni mzuri, lakini uupe jina lake. Na wanaosema kileo chote kinaruka kwa moto wanakosea. Hata baada ya saa 2 na nusu kiasi kidogo hubaki. Asiyetumia kileo ana chaguo tele: kuku huyu wa siki, *pot-au-feu* (nyama ya ng'ombe iliyochemshwa na mboga), *ratatouille* (mchuzi wa bilinganya na nyanya), na viazi nitakavyovitaja sasa.

*Gratin dauphinois* ni viazi na maziwa, kutoka Dauphiné, upande wa milima ya Alpes. Wenyeji hawatii jibini wala mayai, na wakikuona unatia watakusema. Viazi kilo 1, menya, osha, halafu kata vipande vya milimita 3, na baada ya kukata usivioshe tena. Ile wanga inayonata vidoleni ndiyo itakayoyafanya maziwa yawe mazito. Sugua bakuli kwa kitunguu saumu. Chemsha viazi taratibu ndani ya maziwa nusu lita na krimu robo lita, chumvi, kungumanga ya kukwaruzwa, dakika 10 hivi, mpaka maziwa yawe kama uji mwepesi. Mimina bakulini, oveni nyuzi 160, saa 1.

Huna oveni? Palia makaa. Nasema kweli. Neno lao *braiser* limetokana na *braise*, ambayo ni makaa, kwa sababu zamani vyungu vyao vya nyama vilikuwa na mfuniko bapa wa kuwekea makaa juu. Bibi yangu alipika mkate wa kumimina hivyo hivyo, moto juu na chini, na nilipoona mfuniko wa namna hiyo kwenye duka la vitu vikuukuu hapa Lyon nilisimama nikacheka peke yangu mpaka mwenye duka akaniuliza kulikoni. Makaa mengi juu, machache chini, na chungula baada ya dakika 40.

Ukikitoa chakula hiki cha viazi, kiache kipumzike robo saa kabla ya kukata, la sivyo kitamwagika sahanini kama uji. Kwetu robo saa hiyo haiishi salama. Pembeni mwa bakuli maziwa huwa yameshika na kuwa kahawia, na nikigeuka tu kuchukua sahani, binti yangu ameshafika na kijiko.