Sare ya kazi kwenye The Sims 4 ni kitu gani hasa, na modi inaibadilishaje

Ukianza kucheza The Sims 4, gemu ya kuendesha maisha ya watu wa kubuni wanaoitwa Sim, kuna kitu lazima kikushangaze, umemvalisha Sim wako vizuri kabisa, nywele umechagua, viatu umechagua, umempa kazi ya upishi, halafu saa ya kuingia kazini ikifika anajizungusha mara moja tu na yuko ndani ya nguo ambazo hujawahi kumchagulia. Unarudi CAS, yaani kule tunakomtengenezea Sim, unakuta za kila siku, za kutokea, za mazoezi, za kulala, za pati, za kuogelea, na tangu 2018 kuna za joto na za baridi pia, lakini za kazi hazionekani. Ukiuliza watu wanakutajia njia tatu tofauti na kila mmoja anakwambia yake ndiyo sahihi, na kweli wote wako sahihi, ila kila mmoja anaongelea kitu kingine.

Cha kuelewa kwanza ni kwamba sare ya kazi humu haikai kwenye kabati la Sim kama nguo zingine, ni maelekezo. Kila kazi ina ngazi zake, na kila ngazi ina faili lake dogo la maandishi ndani ya gemu, wanaotengeneza modi, yaani mafaili ya wachezaji ya kubadilisha gemu, wanaliita tyuningi, na humo ndimo imeandikwa mshahara kiasi gani kwa saa, siku zipi anaenda, saa ngapi anatoka, na mtu wa ngazi hii avae nini. Sim akiajiriwa au akipandishwa cheo gemu inasoma hilo faili kisha inamtengenezea sare upya. Kwa hiyo muosha vyombo na mpishi mkuu hawavai sawa japo ni kazi ile ile, na hapo ndipo pia panapoeleza kwa nini sare uliyoibadilisha jana leo haipo, amepanda cheo na gemu imeandika yake juu ya yako.

Sasa kubadilisha kunategemea unamlenga nani, huyu Sim mmoja, nguo yenyewe, au kazi yenyewe.

Kwa Sim mmoja huhitaji modi yoyote. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, kiboksi kikifunguka andika testingcheats true, halafu sims.modify_career_outfit_in_cas, utapelekwa CAS ukiwa na sare ya kazi ya yule Sim unayemchezesha na unaibadilisha unavyotaka. Wanaochezea PlayStation na Xbox hii ndiyo njia yao, ila kiboksi wanakifungua kwa kushikilia vitufe vinne vya juu vya padi kwa pamoja, kwa sababu huko modi hazikubaliki kabisa, chiti, yaani amri kama hizo, zinakubalika ila zinakukosesha tuzo. Akipanda cheo unarudia, hakuna namna.

Kwa nguo yenyewe, hapa ndipo kwenye utamu na mimi ndipo napapenda zaidi. Kila nguo ya gemu ina namba yake ya utambulisho. Ukitengeneza nguo mpya ikapewa namba mpya, inaingia CAS kama nguo ya ziada, na kwa kawaida sare haitaigusa. Ila ukitengeneza nguo ukaipa namba ile ile ya nguo ya zamani, gemu ikienda kuitafuta ile ya zamani inakutana na ya kwako, na hapo kila anayetakiwa kuivaa anavaa ya kwako, wa nyumbani kwako, majirani, wale wanaopita tu barabarani, na akipanda cheo kwenda ngazi inayotumia nguo hiyo hiyo bado ni ya kwako. Hii inaitwa ovaraidi. Kazi yenyewe inafanyika kwenye Sims 4 Studio, programu ya bure, unachagua ovaraidi, unatafuta ile nguo, unaitoa picha yake ya rangi, unaifungua kwenye programu ya kuchora kama GIMP, unapaka, unairudisha. Tuseme hulipendi koti la mpishi jeupe unataka la kitenge, hapo ni kupaka tu umbo linabaki lile lile. Ukitaka umbo libadilike, mfano kanzu badala ya koti, hapo unaingia Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, na kazi inakuwa kubwa, maana umbo la wanaume na la wanawake ni mafaili mawili na yote unayafanya, na kila umbo lina matoleo ya karibu na ya mbali, ukiyasahau ya mbali basi kamera ikirudi nyuma nguo inageuka mabaka au inarudi umbo la zamani.

Angalia pia kofia. Kichwani Sim ana nafasi moja tu ya kofia, na sare kadhaa zinakuja na kofia yake, ya mpishi kwa mfano. Kwa hiyo kama Sim wako anavaa hijabu na aliyeitengeneza ile hijabu ameiweka kwenye kundi la kofia, sare itaivua na dada wa watu atafika kazini kichwa wazi, na hilo kwa wachezaji wengi wa kwetu si jambo dogo hata kidogo. Tafuta hijabu iliyowekwa kwenye kundi la nywele, au fanya ovaraidi ya ile kofia uifanye yenyewe iwe mtandio, hiyo ya pili ni nzuri zaidi ila kumbuka kila mpishi wa mji mzima atavaa mtandio, wanaume nao kama umewawekea.

Njia ya tatu ni kuhariri lile faili la ngazi, tyuningi yenyewe. Unalitoa kwa Sims 4 Studio, unabadilisha sehemu ya mavazi tu, unalihifadhi kama faili la .package. Hii inafaa ukitaka ngazi ya kwanza wavae hivi na ya tano wavae vile, au kama unatengeneza kazi mpya kabisa ambayo gemu haina. Ubaya wake ni mgongano, modi mbili zikigusa faili moja inashinda moja tu, sasa ukiwa na modi ya kuongeza mshahara wa madaktari na nyingine ya kubadilisha sare za madaktari, na zote zimelibeba faili zima la ngazi ile ile, moja itakaa kimya na hutajulishwa.

Jambo jingine linalosumbua ni tagi. Kila nguo ina tagi zinazoiambia gemu inafaa wapi, na kuna alama ya kuruhusu ivaliwe bila mpangilio. Ukitengeneza sare ya zimamoto ukaiacha hiyo alama imewashwa pamoja na tagi ya kila siku, utaanza kuona bibi wa jirani anakuja kukusalimia na gwanda la zimamoto. Izime tu, nguo itabaki CAS na wewe bado unaweza kuichagua.

Faili likiwa tayari linaenda Documents, Electronic Arts, The Sims 4, Mods. Gemu ikipata apdeti inazizima modi zote yenyewe, unaingia kwenye mipangilio unaziwasha tena kisha unaizima gemu na kuifungua upya. Gemu ya msingi ni bure tangu Oktoba 2022 lakini sare za udaktari, upelelezi na sayansi zinatoka Get to Work, paketi ya nyongeza ambayo inalipiwa, kwa hiyo kabla hujapakua ovaraidi yoyote soma kwanza inataka paketi gani, kama huna hiyo paketi hakuna nguo ya kubadilishwa.