"Maskini mnao siku zote" si ruhusa ya kupita kando

Hapa Goma, ukitaja maibobo, watoto wa mitaani wanaolala kwenye baraza za maduka ya Birere, hukosi mtu wa kukujibu: "Yesu mwenyewe alisema maskini tutakuwa nao siku zote." Yamo kweli, Mathayo 26:11. Lakini Marko 14:7 inaendelea: kila mpendapo, mwaweza kuwatendea mema. Tena maneno hayo yanarudia Kumbukumbu la Torati 15:11, ambako aya ileile inaamuru kumfumbulia ndugu maskini mkono. Watu wananukuu nusu ya kwanza, kwa kuwa nusu ya pili ina gharama.

Mkono ukifumbuliwa, mara nyingi hutoa blanketi. Vizuri, ila Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na usiku mwili hupoteza joto jingi kupitia chini, kwenye saruji au jiwe la volkano. Tandika kwanza plastiki ya kuzuia unyevu, juu yake karatoni zilizofunguliwa, tabaka 2 au 3, ndipo blanketi. Jipya linalong'aa mara nyingi halifiki asubuhi: maibobo wakubwa wanalichukua, ama linauzwa. Lililokwisha kutumika, lakini safi, hudumu zaidi. Na usigawe mbele ya kundi zima, utaanzisha ngumi.

Chakula kiwe cha kuliwa papo hapo: bugali na maharagi yangali moto. Muulize jina lake kwanza. Swali la kwa nini alitoka kwao linaweza kungoja wiki kadhaa.