Kulanti si ya nchi za baridi peke yake

Tangu ukaguzi wa magari uanze kuelekea Wiki ya Nenda kwa Usalama, lalamiko linalotufikia zaidi ni hili: “Mmeninyima stika kwa sababu ya maji ya rejeta tu.” Hayo “maji tu” ndiyo yanayosimamisha malori katikati ya Mlima Kitonga.

Dhana kwamba kulanti, yaani kimiminika kinachochanganywa na maji ya rejeta ili kupoza injini, ni ya kuzuia barafu, hivyo Dar es Salaam haihitajiki, tumeijibu mara nyingi mno. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti hufika takriban 106, na mfuniko wa rejeta usio na hitilafu, kwa kubana mgandamizo, huvusha kiwango hicho hadi zaidi ya 120. Kulanti pia huzuia kutu. Maji ya kisima huacha ukoko mweupe kwenye vijia vya rejeta, kama ule wa birika la chai.

Lini ubadilishe? Fuata kitabu cha gari. Kwa Toyota, kulanti nyekundu kwa kawaida ni kilomita 40,000 au miaka miwili. Ya waridi, mara ya kwanza ni kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Rangi yenyewe si kipimo, maana kila kiwanda hupaka yake, na kuchanganya aina mbili kunaweza kutoa uji unaoziba njia. Gari lililotumika Japani halisemi lilibadilishiwa lini, badilisha likifika. Kulanti ikigeuka kahawia, usingoje kilomita. Ikielea mafuta, kagua kwanza gasketi ya silinda hedi, kizibo kinachotenganisha mafuta na maji ndani ya injini.

Fundi akishauri kung'oa thamostati, vali inayodhibiti joto la injini, “ili injini ipoe”, mwulize kwa nini kiwanda kiliiweka. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Mshale wa joto ukipanda: egesha pembeni, washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbele na nyuma. Matawi ya miti hayatambuliki kama pembetatu. Faini ya kosa la barabarani kwa gari ni Sh30,000. Hutolewa kwa mashine na kulipwa kwa namba ya malipo, si mkononi mwa askari. Mfuniko wa rejeta usiguswe hadi injini ipoe kabisa.

Kulanti chakavu isimwagwe mtaroni wala kuachwa kwenye beseni uani. Ni sumu yenye ladha tamu, na watoto na mbwa huinywa. Itie kwenye dumu lenye kifuniko, liandike jina la kilichomo, kisha lipeleke kwenye gereji inayokusanya taka za vilainishi.