Jamani, hiyo siyo homa ya manjano

Wiki hii tena. Mzee kaletwa macho njano kama binzari, wanawe wamebeba kadi ya chanjo: "Dokta, baba alishachanjwa homa ya manjano, hii imetoka wapi?" Homa gani sasa? Mzee hana hata joto! Homa ya manjano ni kirusi cha mbu. Macho kuwa njano ni bilirubini, ile rangi ya njano inayotoka mwilini kupitia nyongo, imezidi kwenye damu, na sababu ziko kibao, mojawapo njia ya nyongo kuziba.

Sasa nyongo ndo inakipa kinyesi ile rangi ya kahawia. Ikiziba haifiki utumboni, choo kinapauka kama udongo wa mfinyanzi, bilirubini inarudi kwenye damu inatokea kwenye mkojo, mkojo unakuwa chai ya rangi na hata unywe maji ndoo nzima bado. Ukiuliza choo kikoje wote wanajibu "cha kawaida dokta". Cha kawaida umekionea wapi, choo chenyewe cha shimo na saa hizo giza? Nikampa mzee kikopo cha maabara. Kikarudi na udongo wa mfinyanzi.

Halafu inakuja ile ya "lakini hapaumi", eti ndo habari njema. Hapo nachemka! Jiwe la nyongo mara nyingi linauma, linakuja linaondoka. Saratani ya mfereji wa nyongo inaweza kuziba kimyakimya, njano inakolea wiki hadi wiki, mtu anakonda. Nikipapasa chini ya mbavu za kulia nikakuta kifuko cha nyongo kimejaa na hakiumi, nawaza uvimbe kabla ya jiwe, Courvoisier, daktari wa upasuaji wa Uswisi, alishaandika hilo 1890. Ila uvimbe ukikaa juu, pale mifereji ya kulia na kushoto inapokutana, kifuko kinabaki kitupu, na ukiwa ndani ya ini njano inaweza isitokee mapema. Saratani ya kichwa cha kongosho nayo inakuja hivihivi, kwa macho tu siwezi kuzitenganisha.

Kujikuna, vitabu vinasema ni chumvi za nyongo. Mimi siamini sana, nimeona mtu njano imekolea hajikuni, mwingine njano kiduchu anajichubua usiku kucha, kapakwa dawa ya fangasi mpaka basi.

Njano ikija na homa na kutetemeka, hospitali siku hiyohiyo.

Ultrasaundi ya mzee imeonyesha mifereji imetanuka, dalili ya kuziba, uvimbe haujaonekana, wanawe wakashangilia. Mara nyingi hauonekani kwa ultrasaundi! Siti skani ni Alhamisi. Kadi yao nimewarudishia.