Mfumo wa vikundi vya hisa ukipelekwa kijiji kingine: kipi kibaki, kipi kibadilike

Vikundi vya hisa, ambavyo wanachama huweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana, vilianzishwa na shirika la misaada la CARE nchini Niger mwaka 1991, bila mtaji wa nje. Vimeenea Afrika nzima kwa sababu mambo yake ni machache: watu 15 hadi 25 waliochaguana wenyewe, hisa 1 hadi 5 kila kikao, mkopo usiozidi mara tatu ya akiba, na kugawana fedha zote baada ya miezi 9 hadi 12. Mashirika yanayovipeleka kutoka Pangani hadi Mkinga, wilaya za pwani ya Tanga, Tanzania, hukwama pale yanapobadilisha kisichobadilika na kung'ang'ania kinachobadilika.

Kufuli tatu za sanduku la fedha za kikundi zisiguswe. Funguo washike wanachama watatu wasio viongozi na wasio wa nyumba moja. Sanduku alale nalo mwingine asiye na ufunguo. Fedha zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, na muhuri ugongwe kitabuni palepale, mmoja kwa kila hisa. Asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake mwenyewe. Ukifupisha hapo ili kikao kiishe mapema, umemvua ulinzi mtu yuleyule uliyemfuata.

Hisa 1 hadi 5 nazo zibaki. Mvuvi wa dagaa huwa na fedha wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, chombo kinalala. Ukiweka kiwango kimoja kwa wote, atakosa kikao cha kwanza, ataona haya cha pili, cha tatu haji. Bei ya hisa ipangwe kwa uwezo wa mnyonge wao katika wiki mbaya.

Siku ya kikao, ibadilisheni bila woga. Wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa, maji yakitoka, wakulima wa mwani wako baharini. Kaeni siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, hata ikiwa ni kila baada ya wiki mbili. Suala la riba pia waachiwe wenyewe, pamoja na masheikh wao, kabla ya mkopo wa kwanza. Wapo watakaokopeshana bila nyongeza, na sanduku litafanya kazi vilevile.

Msitie mtaji mwaka wa kwanza. Fedha zikiitwa "za mradi", marejesho hulegea.

Usajili hupitia halmashauri, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Mkufunzi awe mwanakijiji, na ujira wake utoke kwenye vikundi tangu mwanzo, hata kama ni mdogo. Anayelipwa na mradi huondoka na mradi. Na kwenye ripoti, msihesabu vikundi vilivyoundwa. Hesabuni vilivyogawana fedha, kisha vikaanza mzunguko wa pili bila kuitwa.